Ukurasa wa Kwanza wa Kitabu cha Timu

Salim mwanangu,

Salamu nikupe za nini, na wewe uko hapo uani nakusikia unagombana na sanduku? Nimekaa chumbani, mlango nimeurudisha, nimemwambia mama yako nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Hakuniamini. Kasema, "Madaftari gani na shule zimefungwa?" kisha akaenda zake jikoni kukukaangia visheti. Sasa hivi adhuhuri imepita, kesho asubuhi treni inakuchukua, nami naandika na kufuta kama kijana anayeandika barua ya posa. Ni furaha, mwanangu. Ni furaha na kitu kingine kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonikalisha hapa.

Mambo ya chandarua, ya soksi na ya kutopitwa na sala, mama yako na bibi yako wamekwisha kukuambia mpaka umeanza kuitikia kabla hawajasema. Mimi siyagusi. Mimi nataka kukueleza habari ya timu.

Najua utacheka. "Baba naye na timu yake!" Tangu una meno ya maziwa unaijua habari hii. Nilikusimulia nimekubeba mabegani, nikakupigilia pete ya pipa ukutani uani, bibi yako akasema nimeharibu nyumba. Ukawasimulia wenzako wa hapa Makorora, wakakubandika jina la Mwana Kikapu. Na juzi juzi ilipokuja ile barua ya kapteni wao wa sasa kutoka chuoni, uliisoma umesimama, sauti imekupaa: "Tumesikia mwana wa Bakari wa Tanga anakuja. Namba saba ya baba yako tumekuwekea. Jina lake tunalisoma kila mwaka, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha timu." Ukarukia ile pete mpaka kuku wakatawanyika. Kisha ukanikumbatia, nami nikageuza uso, ukadhani baba kazidiwa na furaha.

Sikuzidiwa na furaha, Salim. Niliona haya. Ukurasa ule wa kwanza niliuandika mimi, na una uongo. Wanakupa namba saba kwa sababu ya uongo huo. Nisipokuandikia leo, kesho utaondoka nao ndani ya hilo sanduku lako, na huko mbele utaugundua mwenyewe mbele ya watu. Nimeogopa hilo siku zote hizi kuliko nilivyoogopa kitu chochote.

Lakini ngoja nianze mwanzoni, maana mwanzo ni wa kweli wallahi, na ni mtamu.

Nilipofika kule ng'ambo ya ziwa, kabla ya vita, chuo hakikuwa chuo kikuu kama kilivyo leo. Yalikuwa majengo machache ya mabati juu ya kilima, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Tanga hajapata kuiona. Mpira wa kikapu hakuna aliyeujua. Mwalimu wetu wa hesabu alikuja na mpira mmoja kwenye mzigo wake, akatuambia mchezo huu ni wa watu watano kila upande na mpira haupigwi teke. Wacheza kandanda wakacheka mpaka wakakaa chini. Waliuita mchezo wa kuangua maembe. Tulijiandikisha watu saba tu, na wawili kati yetu walikuja kwa sababu kwenye kandanda walikuwa hawapangwi.

Pete tuliikata kwenye pipa. Wavu hatukuwa nao. Basi nikafungua kamba iliyokaza sanduku langu, katani safi ya huku kwetu, nikaifumua nyuzi nyuzi na kuisuka upya fundo kwa fundo kama nilivyoona nyavu zikisukwa Tongoni kwa wajomba. Siku mbili nzima! Ulipotundikwa, kila mpira uliopita ulitoa sauti, *swii*, na sisi wote saba tukaitikia "Eeeh!" Hebu itazame kamba uliyokazia sanduku lako sasa hivi. Ni katani ile ile. Hilo la wavu ni kweli tupu, ukiulizwa jisifu mpaka uchoke.

Na aliyenishikia ile kamba siku mbili, akinivutia ncha, alikuwa Yohana.

Yohana sijakusimulia sana. Utaona sababu. Alikuwa kijana wa Kibondei kutoka Muheza, mwana wa katekista, mrefu, mkimya, ana mikono mipana. Tulikutana ndani ya treni siku ya kwanza kabisa: alipanda Muheza na furushi la machungwa, akakaa mbele yangu, akamenya moja, akanikatia nusu bila kuniuliza jina. Kutoka hapo hatukuachana. Mimi nilikuwa mdomo, yeye alikuwa kazi. Timu ilipochagua kapteni, wakamchagua yeye. Walipotaka katibu wakanichagua mimi, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri na maneno hayakunipungukia.

Ah, Salim, tulicheza! Peku, juu ya changarawe. Magoti yetu yalikuwa hayana ngozi. Asubuhi kabla ya kengele tulikuwa uwanjani, umande unateleza, Yohana anadunda mpira mkono wa kushoto tu ili auzoeze. Mwaka wa kwanza walitufunga kila aliyetaka. Mwaka wa pili wale wale wacheza kandanda wakaanza kuja kutazama, mwanzoni kwa kejeli, halafu nikamkamata mmoja wao anafanya mazoezi ya kutupa kofia yake kwenye pete jioni akidhani hakuna mtu. Nikajua tumeshinda.

Ndipo tukaalikwa kucheza na mafundi wa reli, mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa lori. Watu wazima wale, wana vifua. Hakuna timu ya wanafunzi iliyokuwa imewahi kuwashinda. Na siku yenyewe iliangukia Ramadhani.

Tulitoka kabla ya alfajiri. Katika timu nzima aliyeshika saumu nilikuwa mimi peke yangu. Ndani ya lori mwalimu akaniuliza kwa upole, "Bakari, wewe ni msafiri leo. Dini yako haikuruhusu kula ukalipa siku nyingine?" Na ruhusa ninayo, mwanangu, babu yako alinifundisha mwenyewe. Ningesema "naam" ikaisha. Lakini wenzangu wote walikuwa wananitazama, nami ndiye mtu wa pwani pekee humo, nikavimba kichwa: "Inaruhusu, mwalimu, kwa wanyonge. Sisi wa pwani saumu hatuiachi kwa sababu ya mpira!" Lori zima likapiga makofi. Yohana akasema taratibu, "Basi na mimi sinywi maji mpaka wewe unywe." Mkristo, mwana wa katekista. Nikamwambia aache mzaha. Akasema hafanyi mzaha.

Tulipofika mapumziko ya kati nilikuwa nakufa. Ulimi umekuwa kama ganda la nazi. Nyuma ya jengo palikuwa na tangi la maji ya mvua. Nikasema naenda kunawa uso. Nikafungua bomba, nikanawa, halafu nikanywa, Salim. Nilikunywa kama ng'ombe. Nilipoinua kichwa, Yohana amesimama pembeni yangu, midomo imempasuka kwa kiu. Nikangojea aseme neno. Akavuta ncha ya fulana yake, akanipangusa. "Una maji kidevuni," akasema. Akarudi uwanjani bila kunywa hata tone.

Kipindi cha pili nilicheza kama nina wazimu, kwa haya zaidi kuliko kwa nguvu. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pa moto! Zimebaki sekunde chache tuko nyuma kwa alama moja. Refa anatazama saa yake, filimbi iko mdomoni. Mpira ninao mimi. Fundi mmoja wa reli kaniziba kama ukuta, Yohana yuko peke yake upande wa kulia, anaita, "Bakari! Bakari!" Nimemsikia vizuri. Sikumpa. Nilitaka kuutia mwenyewe, ili yale maji yasahaulike. Nikaruka, nikautupa. Ukagonga pete, ngaa! ukapaa juu. Na pale juu, katikati ya vichwa vyote, ukatokea ule mkono mpana, ukauchukua na kuutia wavuni. Filimbi. Tumeshinda kwa alama moja!

Watu waliingia uwanjani. Vumbi, kelele, wamebeba wachezaji bila kuchagua. Na mimi nilikuwa nimebebwa juu, watu wananiambia, "Wewe ndiye!" kwa sababu walioketi mbali waliona nimeruka na wakaona mpira umeingia. Kwa muda kidogo hata mimi mwenyewe niliamini. Yohana alikuwa chini, kwenye bomba, sasa anakunywa, maana jua lilikuwa limekuchwa. Tulicheza mpaka magharibi, ndiyo, nilisahau kukuambia. Mechi ilichelewa kuanza.

Usiku ule bado nina joto la kubebwa, Yohana akiniona, nikamwandikia babu yako barua. Nikaandika kwamba nimetia kikapu cha mwisho, tena nimeshika saumu. Mistari miwili tu. Nilitaka apate raha, mzee wa watu, alinisomesha kwa kufundisha watoto Kurani mchana kutwa, na watu wa mtaani kwake Ngamiani walikuwa wanamuuliza kama mwanawe huko kwa makafiri bado anasali.

Loo! Sikujua nimefanya nini. Macho ya babu yako yalikuwa yamekwisha pungua, barua zake alikuwa anasomewa. Ile ilifika karibu na Iddi, ikasomwa barazani baada ya sala, watu wamejaa na mavazi mapya. Wakairudia mara mbili. Bibi yako akapiga vigelegele, watu wakaniombea dua na wakanywa kahawa. Na jibu likaja, mwandiko wa jirani, maneno ya babu yako: "Mwanangu Bakari, nimefurahi kwa mawili, umeshinda na hukuiacha saumu yako. Sasa nikipita njiani sisemi neno, watu wenyewe wananiamkia." Nililisoma lile jibu nyuma ya bweni, nikalia kama mtoto.

Mwisho wa mwaka mwalimu akatupa kitabu kikubwa cheusi tuandike habari za timu, wa baadaye waendeleze. Katibu ni mimi. Niliandika juu ya lile pipa, juu ya wavu, juu ya changarawe, yote kweli. Nilipofika kwenye mechi ya mafundi wa reli kalamu ikasimama. Kulikuwa na wanafunzi wengine wa Tanga waliokuwa wanakuja mwaka uliofuata. Wangesoma. Wangeandika kwao. Nikaandika: "Kikapu cha mwisho kilitiwa na Bakari wa Tanga, akiwa ameshika saumu."

Kila habari ilipaswa kutiwa saini na kapteni. Nikampelekea Yohana kitabu. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika pale kidole kikasimama. Akaniuliza jambo moja tu.

"Baba yako keshasomewa barua?"

"Keshasomewa," nikasema. "Barazani. Watu wote."

"Basi," akasema. Akatia saini.

Afadhali angenipiga kofi. Kofi ningelisahau. Kutoka siku ile sikuweza kumtazama usoni. Yeye hakubadilika hata kidogo, bado alinimenyea chungwa, bado aliniamsha mazoezini, na wema wake ulinichoma mpaka nikaanza kumkimbia. Nikabadilisha bweni. Nikaacha timu nikisingizia goti. Rafiki aliyenifanyia kubwa kuliko wote nilimpoteza, na aliyemfukuza ni mimi. Nimekuwa nikikuambia goti ndilo lililonitoa mchezoni, sivyo? Goti zima hili hapa, napanda nalo minazi.

Babu yako alifariki mwaka niliorudi. Alikufa anajivunia. Niliwahi kukaa pembeni ya kitanda chake maneno yakiwa mdomoni, akanishika mkono akasema, "Huu ndio mkono wenyewe," nikameza. Mpaka leo sijui kama nilimstahi yeye au nilijistahi mwenyewe. Na ile saumu ya siku moja nimekwisha ilipa sijui mara ngapi. Kila mwaka baada ya Ramadhani mama yako huuliza kwa nini nashika siku moja peke yangu, nami humwambia tumbo linataka kupumzika.

Timu yenyewe haikufa, alhamdulillahi. Vita vilipokuja uwanja ukawekwa magunia na mapipa ya jeshi, mpira ukapasuka, wakaushona kwa uzi wa viatu. Kisha wakaja wengine, wakaondoa magunia, wakaanza upya. Nasikia sasa uwanja ni wa saruji, na chuo ni chuo kikuu, na wavu unanunuliwa dukani. Ukifika utakuwa mtu wa sijui wa ngapi katika mlolongo ule, nami nikiwaza hivyo nywele zinanisimama kwa furaha. Wewe! Kwenye saruji! Unao mkono wa kushoto ambao mimi sikuupata maisha yangu yote. Nimekutazama kwenye ile pete ya uani, nikajiuliza umeurithi kwa nani.

Sasa nikuambie nililolifanya. Ilipofika barua ya kapteni wako sikulala vizuri siku tatu. Ya nne nikachukua kalamu nikamwandikia Yohana. Yupo, mwanangu, siku zote hizi yupo hapo hapo Muheza, anafundisha watoto na ana michungwa nyuma ya stesheni. Mwendo mfupi tu kutoka hapa! Na mimi kila nikisafiri kwenda Korogwe, treni ikisimama Muheza nilikuwa najifunika gazeti usoni. Nikamwandikia kwamba mwanangu anapita, na mimi nina neno la kusema lililochelewa sana. Nikampa dereva wa lori la matunda ampelekee.

Jibu limekuja leo asubuhi. Ndiyo ile karatasi uliyoniona nayo mlangoni ukaniuliza kuna nini, nikakuambia ni mambo ya shule. Ameandika hivi: "Bakari, nilidhani umekufa. Nitakuwa stesheni. Uje na shahidi."

Shahidi ni wewe.

Kwa hiyo kesho usishangae ukiona baba yako naye anapanda treni, kavaa kanzu ya Iddi. Mama yako nitamwambia asubuhi, atanigombeza, ana haki. Barua hii nitakupa tukishapita stesheni ya Pongwe, ili usipate muda mrefu wa kunichukia kabla hatujafika. Ukinikasirikia, kasirika, sitakuzuia. Treni husimama Muheza kuinywesha injini maji, muda unatosha. Teremka nami. Ukimwona mzee mrefu mwenye mikono mipana, mwamkie shikamoo, kisha mbele yake na mbele ya yeyote atakayekuwepo pale ifungue barua hii uisome kwa sauti, kuanzia kwenye lori mpaka kwenye saini. Ile ya kwanza ilisomwa barazani. Hii nayo isikike.

Kisha wewe utapanda, na mimi nitabaki naye. Sijui atanipokea vipi. Naogopa, Salim, na bado miguu inataka kukimbilia huko sasa hivi.

Namba saba wakikunyang'anya wakishajua, waachie, ugombee nyingine kwa ule mkono wako wa kushoto. Utaipata, nami nitapiga kelele zisikike mpaka Raskazone. Ila siku ya kwanza ukifika, kabla hujagusa mpira, omba kile kitabu cheusi. Fungua ukurasa wa kwanza. Chini ya saini ya Yohana pana nafasi. Naikumbuka, niliiacha mwenyewe. Andika hapo kwa mwandiko wako mzuri: "Kikapu cha mwisho kilitiwa na Yohana wa Muheza, hali ana kiu. Bakari wa Tanga aligonga pete. Nimeandika haya mimi, mwana wa Bakari, kwa amri yake."

Mama yako anaita, visheti viko tayari. Nakuja.

Baba yako aliyekosa kikapu,
Bakari